Mzazi Naye Aulizwe Hali

Machi 16, 2020, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, aliyekuwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Kidato cha sita na vyuo walirejea Juni 1, na madarasa mengine yote Juni 29. Kwa mzazi wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, miezi hiyo mitatu na ushei ilianzia kwenye palizi, ikapita kwenye baridi ya Mei na Juni, ikaishia mahindi yakianza kuvunwa. Ni kipindi ambacho hata katika mwaka mzuri mtu hulala hoi. Mwaka ule alilala hoi huku watoto wote wakiwa nyumbani, ghala likipungua haraka kuliko alivyopanga, na hofu ya ugonjwa usioeleweka ikikaa naye mpaka usiku.

Wapo wanaosema kwamba huku kwetu hapakuwa na la kuumiza akili, kwa kuwa Tanzania haikufungia watu ndani. Ni kweli majirani walibanwa zaidi. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, Rwanda watu waliamriwa kubaki majumbani, na Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Kwetu masoko yaliendelea na Serikali haikufunga nyumba za ibada. Ilitangaza hata siku tatu za maombi ya kitaifa, Aprili 17 hadi 19. Lakini nyumba inaweza kufungwa bila askari kusimama mlangoni. Utalii ulipokatika, vijana wetu waliokuwa wakiongoza wageni na kufanya kazi hotelini Karatu na Arusha walirudi kwa wazazi mikono mitupu, na fedha walizokuwa wakituma kila mwezi zikakoma. Walimu wengi wa shule binafsi walikaa bila mshahara. Mama mwenye kigenge alikosa wateja wake wa saa nne asubuhi, wanafunzi na walimu. Wengi wa hao walikuwa wazazi, na hawakuulizwa hata siku moja, "Wewe mwenyewe u hali gani?"

Maelekezo ya wakati ule yalimtaja mzazi kama mtekelezaji. Aweke ndoo ya maji tiririka na sabuni, ashone barakoa, awazuie watoto wasizurure, asimamie masomo ya redioni. Yote yalikuwa ya haki. Yaliacha jambo moja ambalo naona ndilo lililostahili kutangulia: akili ya mzazi ndiyo inayoshikilia nyumba, na ikielemewa kimyakimya, mtoto ndiye wa kwanza kuumia. Naandika haya sasa, wakati shule ziko wazi, kwa sababu milango itafungwa tena siku moja. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera, Januari 2025 ukarudi mkoani humohumo wilayani Biharamulo, na Machi mwaka huohuo tukatangaziwa wagonjwa wa mpox. Hanang, tena, haikungoja ugonjwa ili kujua msiba wa ghafla ni nini. Nitaeleza.

Kwanza tutazame jioni moja ya Juni, iwe Dongobesh au Endasak. Nasimulia ya wengi, si ya nyumba moja. Mama ameingia kutoka shambani giza likianza, vidole vimekakamaa kwa baridi. Moto wa makande umezimika kwa sababu aliyeachiwa jikoni alikwenda kucheza. Mtoto wa darasa la sita anamsogezea daftari chini ya taa ya sola: ajumlishe sehemu zenye asili tofauti. Mama aliishia darasa la nne. Mdogo analia njaa, baba amekaa pembeni na simu yake, hasemi kitu. Mtoto anauliza mara ya tatu, na kofi linamshukia. Nyumba nzima inanyamaza. Usiku watu wamelala, mama yuko macho, anahesabu debe za mahindi zilizobaki na siku zilizobaki, na kila anapofika mwisho anaanza upya.

Hapo tatizo si hesabu wala si ukaidi wa mtoto. Mama amechoka kupita kiasi, na baba naye, kwa namna yake ya kunyamaza, amechoka vilevile. Tofauti yao ni kwamba uchovu wa mmoja unatoka kama hasira na wa mwingine unatoka kama kutokuwepo.

Shirika la Afya Duniani lilisema Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, hofu iliyozidi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Huku kwetu si wengi watakaokuambia "nina sonona". Watasema mawazo yamezidi, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, tumbo linawaka, mgongo haukai. Mtu anakwenda zahanati mara tatu kutibiwa vidonda vya tumbo, anapewa dawa, anarudi, hapati nafuu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza analalaje. Kwa hiyo jipime kwa mambo ya kawaida. Je, usingizi umekukataa, au unalala mchana kutwa na bado mwili ni mzito? Chakula umekiacha? Kitu kilichokuwa kikikufurahisha, iwe kwaya, ng'ombe wako au soga za gengeni, hakikugusi tena? Watoto wanakuudhi kwa kupumua tu? Siku moja au mbili za hivyo ni za binadamu yeyote. Zikifika wiki mbili mfululizo, huenda huo ni ugonjwa unaohitaji msaada kama homa inavyohitaji, na kumwambia mwenye nao "jikaze" hakumsaidii.

Hilo neno la kujikaza linanisumbua. Katika nyanda hizi tumelelewa kumheshimu mtu mvumilivu, anayebeba lake bila kulitangaza. Uvumilivu umetuvusha njaa na ukame, na sina nia ya kuudharau. Lakini kuvumilia kazi ngumu ni jambo moja, na kuficha maumivu ya akili ni jambo jingine. Maumivu hayo, yakifichwa, hayapungui. Yanahamia kwa mke, kwa mtoto, kwa ng'ombe, kwenye chupa.

Ushauri wangu wa kwanza basi, na ndio nitakaoukazania kuliko yote, ni kusema. Usiseme kwa kila mtu. Mtu mmoja anatosha. Chagua mtu ambaye neno lako halitafika kilabuni, na uliseme mapema, kabla halijawa kubwa. Huhitaji maneno ya kitaalamu. "Mama Safari, wiki hii usingizi umenikataa, nakaa naogopa tu." Limetosha hilo. Baba anaweza kumwambia mwenzake wakiwa malishoni, ambako wanaume wengi huweza kusema kwa sababu wanatazama ng'ombe badala ya kutazamana: "Kaka, tangu nirudi kutoka Arusha najiona si mtu." Na wewe unayeambiwa, usikimbilie kutoa dawa wala mfano wa aliyeteseka zaidi. Sikiliza mpaka amalize. Uliza limeanza lini. Uliza anakula na kulala vipi. Halafu rudi kesho, hata kwa simu ya kitochi ya dakika mbili, kumuuliza tena. Huko kurudi ndiko kunakomwonyesha kwamba ulimsikia.

Haya hayatoki hewani. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Bibi wale hawakuwa madaktari. Walimsaidia mtu kufungua moyo, kisha kuchagua tatizo moja kati ya mengi aliyonayo, na kulitafutia hatua moja ndogo inayowezekana wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo ukafika hadi Zanzibar. Kule vijijini Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa kuzungumza na akina mama wajawazito na waliojifungua wenye sonona. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 23, wakati katika vijiji vingine walikuwa asilimia 53. Mazungumzo yaliyopangwa vizuri ni tiba. Bibi wenye busara na masikio Mbulu na Hanang hatuna uhaba nao.

Njia ile ya kuchagua tatizo moja inafaa sana nyumba iliyofungwa. Kichwa kilicholemewa huona kila kitu kwa pamoja: ada, ugonjwa, mbolea, deni la kikoba, mimba ya binti wa jirani, paa linalovuja. Kaa chini na karatasi, au na mtu wa kukuandikia, uyataje yote. Kisha funga karatasi na ubaki na moja tu la wiki hii. Kama ni deni la kikoba, hatua ya wiki hii ni kwenda kumwona mwenyekiti wa kikundi na kumwambia ukweli kabla hajaja yeye. Hatua hiyo ni ndogo, lakini usiku unaofuata utalala saa moja zaidi.

Kwa wenye ndoa, ugomvi mkubwa wa miezi ile mara nyingi ulikuwa wa chakula na fedha, ukivaa sura nyingine. Mume anataka kuuza magunia mawili kwa kuwa hajawahi kukaa mwezi mzima bila shilingi mfukoni. Mke anajua watoto sasa wanakula nyumbani mchana pia, na anaona magunia hayo ndiyo Oktoba na Novemba. Wote wawili wana sababu. Ushauri ni kwamba siku milango inapofungwa, kabla ya jambo lolote, muingie ghalani pamoja mkahesabu. Magunia mangapi ya mahindi, debe ngapi za maharage, kuku wangapi wa kuuza, nani anatudai, nasi tunamdai nani. Andikeni. Mkubaliane kipi hakiguswi mpaka mavuno, na kipi kikiuzwa fedha yake ni ya nini. Nusu ya hofu ya usiku ni ya hesabu ambayo kila mmoja anaifanya peke yake kichwani na kupata jibu tofauti. Mjane, au mama anayelea peke yake, afanye hesabu hiyo na ndugu anayemwamini, au na mtoto mkubwa kwa kiasi kinachomfaa mtoto, bila kumgeuza kuwa mume wa nyumba.

Na kijana mkubwa aliyerudi kutoka Karatu, Arusha au machimbo ya Mererani bila kazi? Ameshazoea kuwa mtoaji. Sasa anakula kwa baba yake, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mzazi wa watoto wawili watatu. Msimdhihaki, hata kwa utani wa mezani. Mpeni eneo lake la kuamua, iwe kitalu cha vitunguu swaumu, zamu ya maji au kutengeneza zizi, na msimfuate nyuma kumkosoa. Mtu akipoteza kazi na heshima kwa wakati mmoja, akili yake haina pa kusimama.

Siku nayo ipangwe. Nyumbani palipo na shamba siku ina mpangilio wake tayari, hivyo msilazimishe ratiba ya shule ndani ya ratiba ya ng'ombe. Kazi za asubuhi zifanyike, kisha watoto wapewe saa moja au mbili za kusoma kabla jua halijawa kali, wakubwa wakiwasomea wadogo. Jioni ibaki kwa chakula na mazungumzo. Hapa nawasihi wazazi msibebe mzigo usio wenu. Hamkuajiriwa kufundisha sehemu na hesabu za maumbo. Kama hujui, mwambie mtoto, "Hili silijui, liandike tutamuuliza mwalimu." Mwalimu anaishi kijijini, na mengi yanaweza kuulizwa kwa kusimama mbali naye uani kwake. Mtoto akipoteza mada kadhaa za hesabu kwa miezi mitatu, atazipata. Kilicho kigumu kukipata tena ni amani aliyoipoteza kwa mzazi aliyekuwa akimpiga kila jioni kwa kutojua.

Mkono unapoinuka, jifunze kuondoka. Toka nje, nenda hadi zizini, simama pale uhesabu ng'ombe au mbuzi mmojammoja huku ukivuta pumzi polepole puani na kuitoa taratibu zaidi mdomoni. Ni jambo la mwili: pumzi ndefu ya kutoka hushusha mapigo ya moyo, na moyo ukishuka maneno hurudi. Kisha rudi useme ulichotaka kusema. Na kama ulishapiga au kutukana, mrudie mtoto kabla hajalala umwambie kwamba hasira ile haikuwa yake. Wazee wengine wataona ni kujishusha. Mimi naona ni kumfundisha mtoto jambo ambalo hatalipata shuleni.

Mabinti nao walibeba sehemu yao ya taabu shule zilipofungwa, na hofu ya mimba iliwanyima wazazi wengi usingizi, wakaishia kuwafungia ndani na kuwatuhumu. Binti anayetuhumiwa kila siku hatamweleza mama yake anaposumbuliwa na mtu. Zungumza naye mkiwa na kazi ya mikono, mnapochambua mboga au kupukuchua mahindi. Na likitokea la kutokea, ujue kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Mzazi asijione kwamba maisha ya mtoto yameishia hapo.

Kuhusu habari, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2020 takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mapema Mei, na pengo hilo lilijazwa na sauti za WhatsApp, usiku, kutoka kwa watu wasiojulikana. Chagueni saa moja ya kusikiliza redio kwa siku, muulizeni mhudumu wa afya mnachokitilia shaka, au pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Baada ya saa mbili usiku simu ziwekwe pembeni.

Pombe pia haihitaji maneno mengi. Ya kienyeji na ya dukani, zote hukupa usingizi wa saa tatu na kukuamsha saa nane usiku ukiwa na mawazo yaleyale pamoja na deni jipya. Ukiona unakunywa ili ulale, hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa niliousema hapo juu.

Sasa nije kwenye jambo la kutengwa, ambalo Wairaqw wa nyanda hizi wanalijua kwa undani kuliko watu wengi. Katika mila za zamani, nyumba iliyopatwa na vifo fulani, au ya mama aliyepoteza mimba au mtoto, ilitengwa na wengine kwa kipindi. Wenye nyumba hawakuingia kwa jirani wala kula naye chombo kimoja. Walioubeba mzigo huo mara nyingi walikuwa wanawake wenye majonzi mabichi. Makanisa na mabadiliko ya maisha yamepunguza sana desturi hiyo, lakini kumbukumbu yake haijafutika, na ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuiamsha kwa sura mpya. Mtu akiwekwa karantini kwa sababu za kitabibu, watu wanamtazama kama mwenye mkosi, na hata baada ya kupona watoto wake wanakwepwa kisimani. Tukubaliane kwamba karantini ni ya mwili tu. Nyumba iliyofungwa ipelekewe chakula kizuri na kiwekwe mlangoni, mtu asimame mbali apaze sauti awasalimie wote kwa majina, ng'ombe wao wachungwe na jirani, na siku muda wao ukiisha mtu wa kwanza kuwatembelea awe mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, katekista au shehe, mbele ya watu, ili kila mtu aone kwamba wamerudi. Mzazi aliyewekwa ndani siku 14 akijua kwamba jirani amemkamulia ng'ombe wake, atatoka na akili yake. Akijua kwamba ananong'onwa, atatoka na kidonda.

Pale mkusanyiko unapokatazwa, baadhi ya yanayotuponya hukatika pia: kwaya, jumuiya ndogondogo, swala ya Ijumaa, kulima kwa kusaidiana. Hapa naona hazina tuliyoiacha. Slufay, sala ya baraka ya Wairaqw, ina mmoja anayetamka na wengine wanaoitikia kwa pamoja. Haidai ukumbi. Nyumba ya watu sita inatosha, babu au bibi akitamka, wajukuu wakiitikia, kila jioni kabla ya chakula. Wakristo na Waislamu wana sala zao za nyumbani, nazo zinafaa vilevile. Mzazi anayeogopa anahitaji kusikia sauti nyingine zikimwitikia. Sala ya aina hiyo haichukui nafasi ya hospitali, na hospitali haichukui nafasi yake.

Nilisema Hanang haikungoja ugonjwa. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilisukuma tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu 89 walipoteza maisha. Familia zilihifadhiwa shuleni, Rais Samia Suluhu Hassan alifika Katesh Desemba 7, na pamoja na chakula na magodoro walipelekwa maafisa ustawi wa jamii na wataalamu wa saikolojia kuzungumza na manusura. Baadaye nyumba mpya zilijengwa Waret. Naitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, ilionekana mbele ya macho yetu kwamba msaada wa akili unaweza kufika wilayani kwetu na watu wakaukubali. Ya pili, mzazi aliyefiwa na mtoto au mwenzake hakurudi kuwa yule wa zamani kwa kupewa nyumba. Mvua ikinyesha usiku bado anaamka, anavaa viatu, anawahesabu watoto waliobaki. Huyo ikitokea siku akaambiwa akae ndani kwa ajili ya ugonjwa wa mlipuko, hofu mbili zitamkalia kifuani. Jirani zake wamjue mapema. Wamwambie mtu alale kwake siku za mvua kubwa. Na waliozika wakati wa korona kwa watu wachache, bila matanga yaliyokamilika, hawajachelewa: ndugu wanaweza kukusanyika hata leo, wakamtaja marehemu, wakala pamoja, wakalia walichokuwa hawajalia.

Wenye mahitaji ya pekee tusiwasahau. Mama mwenye mtoto mchanga ndiye dhaifu kuliko wote katika nyumba iliyofungwa. Akikaa bila kumtazama mtoto wake, au akisema mtoto angekuwa bora bila yeye, asiachwe peke yake hata saa moja. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu au kifafa hupoteza mapumziko yake yote shule ikifungwa, hivyo ndugu wampokee mtoto huyo walau nusu siku kila wiki, na dawa za kifafa zisikatike kwa kuogopa kwenda kituoni. Kwa familia za Kidatoga zilizo mbali na barabara, na za Wahadzabe wa Yaeda Chini, habari ziende kwa lugha yao. Mama ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni hawezi kukieleza kwa Kiswahili kinachomsumbua moyoni. Akienda kituo cha afya aombe muuguzi wa lugha yake, au aende na ndugu mwanamke anayemwamini.

Lipo jambo moja lisilosubiri wiki mbili. Mtu akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, chukueni hatua siku hiyohiyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo; kunampa nafasi ya kulitoa. Msimwache peke yake. Katika nyumba za wakulima na wafugaji, dawa za kuulia wadudu shambani na za kuogeshea mifugo huwekwa chini ya kitanda au juu ya kabati jikoni. Ziondoeni, zifungieni kwenye sanduku lenye kufuli nje ya nyumba ya kulala, na ufunguo akae nao mtu mwingine. Fanyeni hivyo hata kama leo nyumbani kwenu hakuna mgonjwa. Kisha mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, naye mhudumu atawaelekeza: Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina huduma ya afya ya akili, na hospitali za Mji wa Mbulu na ya Wilaya ya Hanang huko Katesh ni mahali pa kuanzia. Msifiche kwa kuogopa aibu. Ugonjwa huu unatibika, na dawa zake nyingi ni za bei nafuu.

Mtoto anayepigwa au kudhulumiwa, au mtu mzima anayeona hivyo kwa jirani, apige 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Mzazi mwenyewe anaweza kupiga 116 kabla mambo hayajaharibika, kuomba ushauri kuhusu malezi. Si namba ya kushtakiana tu.

Mwisho nawageukia viongozi. Januari 31, 2024, Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hao ndio watakaopita kwenye milango yetu ugonjwa mwingine ukija. Naziomba halmashauri zetu tatu, ya Wilaya ya Mbulu, ya Mji wa Mbulu na ya Hanang, zihakikishe kila mhudumu wake anafundishwa kumuuliza mzazi maswali matatu tu anapopima joto na kukagua ndoo ya maji: unalalaje, unakulaje, na nani unazungumza naye? Serikali ya kijiji iandike mapema majina ya bibi na babu wawili katika kila kitongoji watakaokubali kusikiliza. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa wala jengo, na inaweza kuwekwa kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kijiji chako. Wewe unayesoma, nenda ukaiombe.